Bonde la Zigi: kutembea msituni na watoto, na swali la nani anafaidika

Kila likizo ya shule inapokaribia tunapokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Muheza na Korogwe. Matangazo ya kuhimiza Watanzania watembelee vivutio vya nchi yao wanayasikia. Wanachouliza ni hiki: sisi tunaoishi chini ya msitu wa Amani, matangazo hayo yanatuhusu nini? Au ni ya watu wa mjini na wazungu?

Tumeona tulijibu swali hilo kwa maandishi, ili aliyekosa kipindi asome kwenye simu yake. Tutaeleza bonde lenyewe, kwa nini sasa lina thamani kubwa kuliko zamani, na kwa nini matembezi ya mzazi na wanawe ni jambo zito kuliko linavyoonekana.

Bonde na msitu wake

Mto Zigi unaanzia kwenye vilele vya Usambara Mashariki, unateremka katikati ya msitu, kisha unapita tambarare hadi Bahari ya Hindi, kaskazini ya jiji la Tanga. Sehemu kubwa ya msitu wa juu imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Ilitangazwa mwaka 1997, ikawa ya kwanza ya daraja hilo nchini, na ina ukubwa wa hekta 8,380. Msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS.

Daraja hilo ndilo linalowachanganya wengi. Hifadhi ya mazingira asilia si msitu wa kuvuna mbao. Kukata mti na kufungua shamba ni marufuku. Kutembea, kujifunza na kufanya utafiti kunaruhusiwa, kwa kibali na kwa kupita njia zilizowekwa.

Kwa mwenye watoto, njia hizo zina nafuu yake. Amani si Serengeti. Hakuna simba wala tembo wa kuogopa. Kuna kima, kuna mbega, kuna hondohondo wanaopiga kelele juu ya miti, na kuna vinyonga ambao mtoto mwenye macho makali atawaona kabla ya baba yake. Lango la Zigi liko chini bondeni, karibu na mto, pale palipokuwa na kituo cha reli enzi za Wajerumani. Ukipanda hadi Amani kwenyewe, kuna njia ya kilima cha Mbomole na mashamba ya chai yanayopakana na msitu.

Kuna pia ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu. Miaka ya 1890 Mjerumani aliyekuwa mtawala wa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na wataalamu wakaliita Saintpaulia. Leo vizazi vya ua hilo viko kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Watoto wangapi wa Muheza wameliona likiota kwao?

Tulichokisikia njiani

Tulipokwenda Zigi na watoto wetu, bibi mmoja wa kijiji cha jirani alitukuta tumepumzika kando ya barabara. Tulimwamkia, akatuuliza tunafuata nini. Tukamwambia tunatembea tu. Akacheka. "Wanangu, mimi msituni nimeingia tangu nikiwa msichana. Lakini nilifuata kuni. Kwenda kutembea tu na wajukuu, hilo sijapata kuliwaza."

Maneno yake tulirudi nayo. Kwa watu wengi wa vijiji hivi, msitu una sura mbili tu: mahali pa kutafuta riziki, au mahali pa kukamatwa na askari. Sura ya tatu, mahali pa kukaa kwa furaha na watoto, wanaijua wageni.

Na wenyeji wana sababu ya kuutazama msitu kwa mashaka. Wakulima wa iliki wa upande wa Derema hawajasahau. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali iliamua kutenga ukanda wa msitu wa kuunganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, ili wanyama na mimea visikatwe vipande. Wakulima zaidi ya 1,000 walipoteza mashamba yao humo. Fidia ilikuja, lakini ilichukua miaka, na ubishi juu ya viwango vyake ulikuwa mkali. Kwa mtu aliyeng'oa iliki yake, neno "uhifadhi" halina ladha tamu.

Somo la vipepeo

Kuna jambo lililobadilisha hali kwa muda. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 2000 ulianza mradi wa kufuga vipepeo. Wanavijiji, wengi wao wanawake, walilea viwavi kwenye vibanda vya neti hadi vikawa pupa, na pupa hizo zikauzwa kwenye maonyesho ya vipepeo hai Ulaya na Marekani. Vipepeo wa msituni wanahitaji miti ya msituni. Kwa hiyo mama aliyelipia ada ya shule kwa fedha ya vipepeo alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuuchunga msitu, bila kuambiwa na mtu.

Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Lengo lilikuwa kuzuia wizi wa wanyama, lakini vipepeo nao wakaingia kwenye katazo hilo. Soko likafungwa.

Tunalikumbusha hili kwa sababu lina funzo. Kipato kinachotegemea soko moja la mbali hukatika kwa tangazo moja. Wageni wa ndani wanalipa kidogo kuliko wa nje, ni kweli. Lakini familia za Tanga, Muheza na Korogwe hazihitaji ndege wala viza ili zifike.

Kwa nini sasa

Kilichobadilika ni maji. Jiji la Tanga linategemea mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Hatifungani ni mkopo: wananchi na taasisi wanatoa fedha, wanalipwa riba, na fedha yao inatumika kwenye miradi iliyotajwa, hapa ikiwa ni miundombinu ya maji na utunzaji wa chanzo chake.

Tafsiri yake ni nyepesi. Watu wameweka mabilioni yao juu ya imani kwamba Zigi utaendelea kutiririka. Mto huo unategemea msitu wa juu, unaopata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na kuziachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Msitu ukikatwa, mvua hiyo hiyo itashuka kwa siku chache na udongo wake, na bwawa litajaa matope.

Askari wa misitu ni wachache na bonde ni pana. Anayeujua mlio wa msumeno usiku ni jirani. Jirani huyo atapiga simu au atanyamaza kulingana na anavyouona msitu: wake, au wa watu wengine.

Hapo ndipo matembezi ya familia yanapoingia. Majirani zetu wa Kenya wana mfano. Msitu wa Karura, Nairobi, uliwahi kuwa mahali pa kuogopwa, na sehemu zake ziligawiwa watu wa kujenga. Mwaka 1999 Wangari Maathai alipigwa akiutetea. Leo wakazi huenda huko na watoto kila mwisho wa juma, na kila mpango wa kuugusa msitu huo huzua kelele mara moja. Wanaoutetea ni watu waliowahi kuutembea.

Hoja za wanaosita

Wapo wanaosema kufungua njia kwa wenyeji ni kumfungulia mkata mbao. Hoja hiyo ina uzito kidogo, lakini mkata mbao hapiti langoni na mtoto mkononi. Wengine wanataja taka za plastiki na njia kuliwa na maji. Hilo ni kweli zaidi, na dawa yake ni njia chache zinazotunzwa, vikundi vidogo, na waongozaji kutoka vijiji hivi hivi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni gharama. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, lakini familia ya watu watano haitoshi kwenye bodaboda moja. Ukijumlisha nauli, kiingilio na mwongozaji, mkulima anaona bora anunue madaftari.

Kwa hiyo tunaona mambo matatu yanawezekana. Kwanza, siku moja kila muhula ambayo shule za vijiji vinavyopakana na hifadhi zitaingia bila malipo. Pili, mapato ya utalii yanayorudi vijijini yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa shilingi, kama yanavyosomwa mapato mengine. Tatu, fedha za kutunza chanzo cha maji zifike hadi kwa mkulima wa juu ya bonde. Anayekunywa maji Tanga na anayelima Amani wameshika kamba moja.

Ukitaka kwenda

Piga simu ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka, uulize bei ya watu wazima, ya watoto na ya mwongozaji. Lipa kwa namba ya malipo ya Serikali utakayopewa, na utunze stakabadhi. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu barabara ya mlimani huteleza. Vaa viatu vilivyofungwa, chukua koti la mvua hata jua likiwaka, na maji ya kutosha. Mtoto asitangulie mbele ya mwongozaji. Ukiona siafu, vukeni haraka bila kusimama. Mtandao wa simu bondeni si wa uhakika, kwa hiyo mwambie mtu nyumbani mtarudi saa ngapi. Taka zote mrudi nazo.

Bibi yule tulimwuliza kama angeenda na wajukuu siku moja langoni pakiwa wazi kwa majirani. Alijibu kwamba angekwenda, na angewaonyesha miti anayoijua kwa majina, ambayo mwongozaji kijana huenda haijui.

Kama kijiji chako kinapakana na hifadhi, tutumie ujumbe: mapato ya utalii yaliwahi kusomwa kwenye mkutano wenu? Majibu tutayasoma hewani.