Boya la Tangi na Amana ya Maji



Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni maji yatokayo kwenye pampu kwenda kwenye tangi. Bomba la Ruvu Chini, mtambo ulioanza kazi mwaka 1976 na ambao leo waweza kutoa lita milioni 270 kwa siku, hupitia pande zetu hizi likielekea Dar es Salaam. Hata hivyo zipo nyumba na vyuo hapa Kerege vitegemeavyo kisima.

Chuoni kwetu ilikuwa desturi kuwasha pampu baada ya sala ya Isha, na kijana mmoja akapewa kazi ya kuizima tangi lijaapo. Usiku mmoja usingizi ulimshinda. Alfajiri tulikuta ua umekuwa bwawa, kisima kimekauka, na pampu imeungua. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilimkemea kijana yule mbele ya wenzake.

Hebu tufanye hesabu. Pampu itoayo lita 30 kwa dakika hulijaza tangi la lita 2,000 kwa muda wa dakika 67 hivi. Baada ya hapo, kila saa moja humwaga lita 1,800 bure. Nasi twajua kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, kipimo kisichofika lita moja. Basi maji ya saa moja tu yangaliwatosha udhu watu zaidi ya 1,800! Israfu gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Tena pwani yetu hii, kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huweza kukiingia.

Fundi alitueleza sababu ya pampu kuungua: maji yale yale iyavutayo ndiyo yaipozayo. Yakiisha kisimani, yenyewe hujisaga na kujichoma.

Dawa yake ni maboya mawili ya umeme. Boya hili ni kibuyu cha plastiki chenye waya, na ndani yake mna swichi. Lile la tangini, maji yapunguapo huning'inia na umeme hupita. Maji yajaapo huelea na umeme hukatika. La kisimani hufungwa kinyume chake: likining'inia, pampu husimama. Hivyo pampu haifanyi kazi ila maboya yote mawili yakiiruhusu.

Wako wafungao koki ya boya peke yake, ile izibayo mdomo wa bomba. Hiyo yafaa kwa maji ya mji, lakini haiizimi pampu. Pampu huendelea kusukuma maji yasiyo na njia, yakapata moto, na mipira yake ikaharibika. Wekeni pia vali izuiayo maji yasirudi kisimani, na bomba la kumwagikia juu ya tangi, lielekezwe kwenye migomba. Mkiona maji yatoka hapo, jueni boya limeharibika. Na kazi ya waya mwachieni fundi wa umeme, kwani umeme na maji havina mzaha.

Wala msidhani kwamba hayo ni mambo ya kigeni kwetu. Wana watatu wa Musa bin Shakir, wa Baghdad, waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu kiasi cha mwaka 850, na ndani yake mna vyombo vijifungavyo kwa boya maji yafikapo kipimo chake.

Maboya yalipofungwa, nilimwita kijana yule mbele ya wenzake wale wale, nikamwomba radhi. Kosa la kwanza lilikuwa langu, kwa kuwa nilimtwika mtoto kazi ya kupigana na usingizi, ilhali kipo chombo kisicholala. Naye sasa kila mwezi hupanda mnarani kulitazama boya, kwa kuwa chombo nacho huchakaa, na amana haihamii kwenye plastiki.

Basi, enyi wazazi, kabla ya kumlaumu mtoto kwa tangi lililofurika, jiulizeni kwanza mlimwachia nini mkononi.

Wabillahi tawfiq.