Cheti cha Nne Hatukitaki

Kijana mmoja ninayemfahamu ana vyeti vitatu: cha kutengeneza sabuni, cha ujasiriamali na cha ushonaji. Kazi anayoijua kweli haina cheti. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, alijifunza Uvira kwa mjomba wake tangu akiwa mtoto. Mwaka jana nilimsindikiza kwenye karakana moja ya Quartier Industriel, hapa Bujumbura. Mzee mwenye karakana akampa vipande viwili vya chuma, akasema, haya, tuone. Akachomelea. Mzee akakigeuza kile chuma mara mbili, akasema: "Mwanangu, mkono unao. Lakini mashine zangu hujazizoea. Nikikuweka miezi mitatu ukijifunza, nani atakulipa? Na hii karatasi yako ya ukimbizi, wakija wakaguzi nitawaambia nini?" Tukarudi Buyenzi kwa miguu, hatukuongea sana.

Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Kazi ilikuwepo, fundi alikuwepo. Palikosekana vitu viwili tu: pesa ya miezi ya kufundisha, na karatasi inayoeleweka. Formasio zote tatu alizopewa yule kijana hazikugusa hata kimoja.

Tunaambiwaga "jiajirini". Haya, mimi niuze sabuni, jirani auze sabuni, na wewe uuze sabuni. Nani atanunua? Hata serikali imeshika njia hiyo. Mwaka 2020 ilifungua benki ya vijana, BIJE, ili vijana wapate mikopo ya miradi yao. Ni jambo jema, sikatai. Lakini si kila mtu ni mfanyabiashara. Wengine ni mafundi, wanataka mashine, mkubwa wa kazi na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Ninachodai ni hiki: sehemu ya ile pesa iende kwa mwenye kiwanda. Serikali na mashirika wamlipie nusu ya mshahara wa kijana kwa miezi sita, yeye amfundishe kwenye mashine zake. Na iwe kwa masharti. Akiwafukuza wote mwezi wa saba ili achukue wengine wa bure, asipewe tena. Tusigeuze staji kuwa utumwa wenye mhuri.

Msiniambie haiwezekani. Kenya mwajiri analipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwenye mfuko wa mafunzo ya viwandani, na akifundisha watu wake anaweza kudai kurudishiwa gharama. Mamlaka inayosimamia mfuko huo, NITA, inawapima pia mafundi waliojifunzia kazini. Hawakuulizi ulisoma shule gani. Wanakupa kazi uifanye mbele yao, ukifaulu unapata daraja. Mtihani kama huo ungewafaa mafundi wengi wa Buyenzi, Warundi na Wakongomani, ambao mikono yao inajulikana mtaa mzima lakini kiwandani hawajulikani.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatujui. Burundi iliingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1963, ikiwa bado ni ufalme. Kifungu cha 17, kile cha kazi ya mshahara, ilikipokea kama pendekezo tu mwaka 1971, ilipoingia kwenye Itifaki ya 1967. Ni kweli tunafanya kazi, sokoni tupo, garajini tupo. Lakini kufanya kazi kwa kuachiwa si sawa na kufanya kazi kwa haki. Bosi anaijua tofauti hiyo, ndiyo maana anaogopa wakaguzi.

Najua mtakachosema: Warundi wenyewe hawana kazi, mkimbizi anatafuta nini? Sisemi tupewe nafasi ya mtu. Mrundi aliyesoma ufundi naye amesimama kwenye geti lile lile, sababu bosi hana pesa ya kumfundisha. Msaada ukija, wote wawili waingie, na Warundi wawe wengi zaidi, hakuna ubaya. Lakini mkimbizi asiondolewe kwenye orodha kabla mkono wake haujapimwa.

Mwingine atasema viwanda vyenyewe vinasimama kwa kukosa mafuta na dola. Ni kweli, na mafunzo hayaleti dola. Lakini dola zikikosekana, kipuri hakitoki nje haraka. Siku hiyo ndipo utamtafuta fundi anayeweza kukitengeneza hapa hapa.

Ndugu wa mashirika, kwenye ripoti zenu mnaandika wangapi wamemaliza mafunzo. Andikeni pia wangapi wanapokea mshahara baada ya mwaka. Na sisi wa kambini na wa mjini, siku wakija kutuuliza tunataka nini, tusijibu "formasio" kwa mazoea. Tuseme: mlango wa karakana, miezi sita, na mtihani wa mkono.

Yule kijana bado anachomelea madirisha ya watu, leo ipo kesho hakuna. Juzi ameitwa kwenye formasio ya nne, ya kutengeneza keki. Ataenda, sababu wanatoa franga za tiketi.