Barua za Wazee Si Takataka

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nathubutu kuongeza kwamba historia ya ukoo nayo ni mali. Baada ya matanga ya marehemu babangu, tulichoma sanduku zima la barua zake tukidhani ni takataka. Leo najuta.

Majuto hayo yalinizidia niliposoma barua za Uriah Oblinger, mkulima wa kawaida wa Marekani. Bwana huyu, aliyepata kuwa askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliondoka Indiana mwaka 1872 kwenda Nebraska kutafuta shamba. Sheria ya mwaka 1862 ilimwezesha mlowezi kupata ekari 160 kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka 5. Mkewe, Mattie, na binti yao mdogo walimfuata mwaka 1873.

Oblinger hakuwa gavana wala jemadari. Hata hivyo, barua za familia yake zimehifadhiwa na taasisi ya historia ya jimbo hilo. Humo Mattie anawasimulia jamaa zake jinsi wanavyoishi katika nyumba iliyojengwa kwa mabonge ya udongo wenye nyasi. Mwaka 1880 mama huyo alifariki akijifungua. Ni hotuba gani ya mwanasiasa iwezayo kutueleza gharama ya shamba lile kuliko maisha hayo?

Lakini tusizisome kwa jicho moja. Nebraska haikuwa nchi tupu. Wapawnee waliishi huko kabla ya walowezi, na katika miaka ya 1870 walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Barua za mlowezi, hata ziwe za kweli kiasi gani, ni ushahidi wa upande mmoja. Mwenye karatasi husikika. Asiye nazo hudhaniwa hakuwapo. Sisi Wakenya, ambao mashamba ya babu zetu yaliandikishwa kwa majina ya walowezi, hatuhitaji kufunzwa hilo.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla hujawasha kiberiti, fungua sanduku la mzee. Barua, risiti ya karo, hata daftari la maziwa, vyote ni ushahidi. Tusipoutunza, wajukuu wetu watasimuliwa habari zetu na wengine.