Zana za kuandika pamoja zisiwe za shule za mjini tu

Mwandishi wa makala kuhusu zana za kuandika pamoja, nafundisha huku Kinna, Isiolo, Kenya, na nakubali kabisa kwamba wanafunzi hujifunza zaidi wakiandika kazi moja kwa pamoja. Mtaala wetu wa umilisi (CBC) wenyewe unahesabu mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Lakini umetaja Google Docs na Padlet kana kwamba kila shule ina mtandao kutwa. Huku bando hutoka mfukoni mwa mwalimu.

Ongeza Moodle, mfumo wa kujifunzia wa kompyuta, kwenye orodha yako. Huwekwa kwenye kompyuta moja ndogo, wanafunzi wakaunganishwa kwa waifai ya darasani, wakahariri ukurasa mmoja na kujibizana bila intaneti hata kidogo. Aliyeianzisha na kutoa toleo lake la kwanza mwaka 2002, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi, akasoma kwa redio kwa kuwa shule ilikuwa mbali. Si ajabu inatufaa sisi wa nyanda kame! Kwetu faida yake kubwa ni hii: mtoto aliyehama na mifugo wakati wa kiangazi akirudi, anaikuta kazi ya kikundi chake palepale, anasoma walichoandika wenzake na kuongeza lake.

Vifaa navyo vipo. Serikali ilianza kugawa vishikwambi vya darasa la kwanza mwaka 2016. Walimu wenzangu wa Garbatulla, kama kuna vinavyolala kabatini, tuvichaji, tuvitumie. Nawe mwandishi, tafadhali makala ijayo tuandikie kuhusu zana zisizohitaji intaneti.