Yoti ya Morgan haikwenda kupunga upepo

Ati yoti za mvuke za matajiri, zilipotiwa mizinga, zilikuwa pambo tu la jeshi la majini la Marekani! Aliyeandika hivyo hakufika Santiago de Cuba, hata kwa kusoma. Tarehe 3 Julai 1898, katika vita vya Marekani na Hispania, USS Gloucester, iliyokuwa Corsair, yoti ya tajiri J. P. Morgan, ilizivamia Furor na Plutón, manowari za kasi za Hispania, kwa mizinga midogo na ubavu usio na deraya. Zote mbili ziliangamia, ingawa (tuseme kweli) meli kubwa za Marekani nazo zilizifyatulia makombora. Kisha mabaharia wa Gloucester wakamchukua mateka Admirali Cervera wa Hispania ufukweni. Pambo hilo?

Angesema zilikuwa dhaifu, ningenyamaza: Novemba 1917 torpedo iliizamisha Alcedo, yoti nyingine iliyotiwa mizinga, karibu na Ufaransa, wakafa watu 21.