KIJITI NDANI YA SOKETI

Mwenye kupita maduka ya Kariakoo, tangu Mtaa wa Msimbazi hata Mtaa wa Kongo, ataona jambo lililokwisha kuwa desturi. Fundi nguo ana pasi yenye plagi ya pini mbili za duara, na soketi ya ukutani ina matundu matatu bapa. Hutwaa kijiti, akakichomeka katika tundu la juu, matundu ya chini yakafunguka, kisha akaisukuma plagi yake. Umeme umepatikana, hatari nayo imeingia.

Yafaa ieleweke kwa nini matundu yale yalifungwa. Plagi ya pini tatu bapa, iliyoenea nchini mwetu, iliwekewa kanuni Uingereza mwaka 1947. Pini yake ndefu ni ya ardhi: hutangulia kuingia na kufungua vifuniko vya matundu mengine, na umeme ukivuja katika bati la pasi, huuongoza ardhini usipite mwilini mwa mtu. Ndani ya plagi mna fyuzi, ambayo hukatika umeme unapozidi, makusudi waya usiungue. Plagi ile ya pini mbili haina pini ya ardhi, na kwa kawaida haina fyuzi. Tena ikilazimishwa katika tundu lisilo lake hushika kidogo, hulegea, hupata moto na kuyeyusha soketi.

Hatusemi kwamba kila chombo cha pini mbili ni kibaya. Chaja ya simu, kwa jinsi ilivyokingwa ndani, haihitaji waya wa ardhi. Tusemalo ni kwamba ipewe adapta kamili yenye fyuzi, si kijiti. Wala plagi bapa isiaminiwe kwa umbo tu: iliyotiwa kipande cha waya mahali pa fyuzi ni mlinzi aliyelala.

Ndugu zetu, shilingi inayookolewa ni ya mwenye duka; mkono unaoshika pasi ni wa mfanyakazi. Kwa hiyo kila mwajiri na anunue plagi ifaayo, kila mfanyakazi na akikatae kijiti, na Shirika la Viwango Tanzania lisichoke kuzisaka plagi bandia madukani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta uliokwisha kuungua haujengwi kwa bei ya plagi.