Uvira: Mto Mulongwe unalindwa kuanzia mlimani

Wakaaji wa mji wa Uvira, Kivu Kusini, hawajasahau usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mto Mulongwe ulitoka katika njia yake, ukaingia mitaani na mawe na matope. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Na mto huo ndio REGIDESO inaochotea maji ya kunywa ya mji.

Tangu hapo, mvua kubwa ikikaribia, raia wanaomba jambo moja: mashine zije kuchimbua mto na kuweka mawe kandokando. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Mawe na mchanga vinavyoujaza mto vinatoka milimani, ambako miti imekatwa na miteremko mikali inalimwa bila mitaro. Mvua ikinyesha, maji hayakuti kitu cha kuyazuia. Yanabeba udongo hadi chini, kina cha mto kinapungua, na maji yanatafuta njia nyingine: nyumba za watu.

Hapo lawama zinaanza. Mtu wa mjini anamlaumu mkulima wa mlimani. Lakini makala yanayotoka huko yanapikia nani? Na nani anajenga ukingoni mwa mto? Deni ni la wote wawili.

Salongo inayosafisha mifereji ya mjini ingefaa ipande pia mlimani, ichimbe mitaro ya kukinga mteremko na kuotesha matete kandokando yake. Lakini mkulima anayeacha kipande cha shamba kwa ajili ya miti anapunguza chakula cha watoto wake. Si haki abebe mzigo huo peke yake ili mwingine alale salama. Mji umchangie majembe na miche, hasa ya miti ya matunda kama avoka, ambayo yeye mwenyewe atakuwa na sababu ya kuilinda. Miche inayopandwa siku ya sherehe mbele ya wakubwa, kisha ikaachiwa mbuzi, haiwezi kuzuia maji.

Machifu, viongozi wa mitaa, wakulima, wachoma makala na wachimba mchanga wakae pamoja wakati wa kiangazi, wapatane nani anapanda, nani anachangia na nani anachunga.

Mei 2023, huko Bushushu na Nyamukubi, teritware ya Kalehe, maji ya milimani yaliua watu zaidi ya 400. Kivu Kusini haihitaji somo la tatu.